Gitaa la milioni tisa na kadi yake ya ukaguzi

Kasha lilipofunguliwa, ndani kulikuwa na gitaa, mkanda wa ngozi, funguo mbili ndogo za pembe sita na kadi. Ngoja nianze na kadi.

Ni ya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, rangi ya maziwa. Ina mistari kumi na moja, na mwisho wa kila mstari kuna kisanduku kilichowekwa alama ya vema kwa wino wa bluu. Shingo, vema. Freti, vema. Umeme, vema. Rangi, vema. Chini kuna saini ya mtu nisiyemjua, herufi mbili zilizopinda kama mkia wa mjusi, na tarehe. Nilikaa nayo mkononi kabla hata ya kuligusa gitaa, nikajiambia, hawa ndio watu. Sisi huku ukinunua kitu unakikagua mwenyewe hapo hapo kaunta, unakitikisa, unakigeuza, unamwambia muuzaji akiwashe uone. Huyu amekaa huko ng'ambo akanikagulia mara kumi na moja.

Bei ilikuwa shilingi 9,200,000 za Uganda, ushuru na VAT ya asilimia 18 ndani yake. Kwa pesa hiyo unapata bodaboda mpya ya dukani na chenji ya kuanzia biashara nyingine. Mama watoto alinikumbusha hesabu hiyo mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama mlangoni.

Jina la kiwanda sitalitaja, wala la duka. Ni kiwanda kikubwa, jina lake mnalijua. Na msijaribu kubahatisha kwa sababu nitasema shingo imefungwa kwa skrubu nne. Mtindo huo aliusambaza Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na leo viwanda vya kila bara vinautumia. Mzee yule, kwa taarifa yenu, hakujua kupiga gitaa. Alikuwa anawapa wanamuziki wa pale mjini wayajaribu, kisha anasikiliza malalamiko yao. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nilizaliwa Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, na kambini Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara, wa Kiteso na sisi wengine. Gitaa nimejifunza kwa Wakongo, kwanza redioni, baadaye kwa miguu yangu, kukaa pembeni mwa jukwaa na kutazama vidole. Sasa napiga solo kwenye bendi ya watu sita hapa Kampala: Alhamisi hotelini upande wa Muyenga, Jumamosi harusi na kwanjula (sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni), tukipata. Tulipofungiwa na korona Machi 2020, baa na kumbi zikabaki zimefungwa mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili bila jukwaa. Gitaa langu zuri la kwanza liliondoka katika miezi hiyo, likawa karo na unga. Nilibaki na la Kiindonesia, la shilingi 850,000, ambalo nilikuwa nalitunza kama gurudumu la akiba. Kwa hiyo hizi milioni tisa si za mtu mwenye pesa. Ni Jumamosi za miaka mitatu.

Kwa nini basi nisiendelee na la Kiindonesia? Kwa sababu ya sebene. Mnaopiga rumba mnajua: wimbo ukifika pale mwimbaji anaponyamaza na watu wanasimama, solo anahama, anapanda juu ya shingo, kuanzia freti ya 10 kwenda 17 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na anakaa huko dakika tano, sita, kumi kama bwana harusi anatoa noti. Sauti ya huko juu inatakiwa iwe nyembamba bila kuwa kali, kila noti ijitenge na mwenzake kama punje za mchele uliopikwa na mtu anayejua. La Kiindonesia huko juu linakuwa bubu kidogo. Nilitaka gitaa linaloimba juu.

Na tuwe wakweli, pikapu za hili zinaimba. (Nasema pikapu za gitaa, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, si ya kubebea ndizi.) Nililichomeka kwenye amplifaya yangu ndogo sebuleni, nikapiga kodi moja ya sol, na binti yangu akatoka chumbani na mswaki mdomoni akauliza ni redio gani. Rangi nayo ni bluu ya ziwa saa kumi na mbili jioni. Nilifurahi kwa muda wa dakika kama nne.

Dakika ya tano nikabana fa kwenye freti ya kwanza. Sikio likakataa. Nikadhani ni nyuzi mpya hazijatulia, nikatuni upya, nyuzi zote sita wazi, kijani kwenye kifaa cha kutunia. Nikabana tena fa. Kifaa kikaonyesha juu, senti 20. Kwa asiyejua: nusu toni moja ina senti mia, kwa hiyo senti 20 ni moja ya tano ya safari ya kwenda noti nyingine kabisa. Ukipiga peke yako utavumilia. Ukipiga na kinanda, kinanda kitakuumbua.

Tatizo hilo linatoka kwenye nati. Si nati ya boliti, ni kile kijiti cha mfupa au plastiki pale kichwa kinapoanza, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Mifereji ikichongwa kwa kina kisichotosha, uzi unakaa juu mno, na ukiubana kwenye freti ya kwanza unauvuta chini safari ndefu. Kuuvuta ni kuukaza, na kuukaza ni kupandisha sauti. Kuna jaribio la bure kabisa: bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa ibaki nyembamba kama karatasi. Yangu ilipitisha ncha ya kadi ya benki. Plastiki, mifereji ya juu juu, kwenye gitaa la milioni tisa, na kwenye kadi ya maziwa mstari wa nne unasema nati, vema.

Halafu mkono. Nilipitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka chini kwenda juu, ukawa kama umempapasa ngege kinyume cha magamba. Ncha za freti zimechomoza, kila moja, upande wa uzi mwembamba zaidi kuliko upande wa besi. Saa moja ya mazoezi ikaniachia mstari mwekundu chini ya kidole cha shahada. Nikachukua lile la Kiindonesia, nikapitisha kiganja hicho hicho. Laini kama kijiko. Sishangai sana, huko Indonesia wanajua kazi, Cort wana kiwanda kikubwa Surabaya na magitaa ya majina mengi yametokea huko. Lakini nilikaa kitandani na magitaa mawili mapajani, moja bei yake mara kumi na zaidi ya jingine, na mkono wangu ukawa unarudi kwa la rahisi wenyewe.

Nikalibeba Alhamisi hivyo hivyo. Ningefanya nini, nilishawaambia wenzangu.

Mambo matatu yalitokea jukwaani, na nitayasema kwa haraka kwa sababu bado yananiuma. Kwanza, tulipochomeka, likaanza kunguruma. Gitaa lenye pikapu za aina hii hunguruma kidogo, umeme wetu wa hezi 50 unaingia humo kama nzi. Lakini ukigusa nyuzi ngurumo inatakiwa ipungue, kwa sababu nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya sakiti kupitia waya unaofika kwenye briji, kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Hili ukiligusa halijali. Mpiga besi wetu akaniinamia sikioni: "Afande, umenunua gitaa au mzinga?" Pili, nikiupinda uzi wa kwanza kushuka chini unateleza unatoka kabisa nje ya ubao wa shingo, unaning'inia pembeni kama mtu aliyekosa ngazi. Na tatu, tulipofika sebene, nikapanda. Freti ya 12 sawa. Ya 13 sawa. Ya 14 ikatoa "kwik" na kufa. Nikarudia kwa sababu wimbo wenyewe unarudi hapo kila baada ya mizunguko miwili, na kila mara "kwik". Dada mmoja aliyekuwa anacheza karibu alinitazama vidole kwa huruma. Nikamalizia wimbo chini, freti ya pili hadi ya saba, kama mwanafunzi.

Nyumbani, saa saba za usiku, nikafanya kipimo ninachowashauri wote mkifanye dukani kabla ya kutoa hata senti. Chukua kadi ya benki. Isimamishe kwa ubavu wake juu ya freti tatu zinazofuatana, kisha bonyeza upande huu na upande ule. Zikiwa sawa, kadi inatulia. Ya katikati ikiwa imeinuka, kadi inacheza kama bembea. Nikaanza chini: 1, 2, 3, kimya. Nikaenda nikipanda, kimya, kimya. 14, 15, 16: tik-tik. Nikarudi, nikaenda tena. Tik-tik. Freti ya 15 imenyanyuka, tena si yote, ni upande wa uzi wa kwanza na wa pili tu, pale pale ninapotafutia ugali. Ukibana ya 14 uzi unagonga ya 15 na kunyamaza. Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona mwanga ukipita chini ya kichwa cha freti, mahali chuma kinatakiwa kilale juu ya mbao. Iligongwa ikaingia nusu. Mtu akaipita.

Ijumaa nikafungua skrubu za bamba la mbele. Waya wa ardhi wa briji ulikuwepo, mweusi, umefika hadi nyuma ya kitufe cha sauti, na kwenye ncha yake kuna tone la risasi. Risasi iliyochomelewa vizuri inang'aa na inatambaa kama maji kwenye sahani. Hii ilikuwa na rangi ya majivu, imejikunja kama kinyesi cha kuku. Nikaugusa waya kwa kucha, ukatoka. Haukuwa umeshikwa, ulikuwa umeegemezwa.

Nikarudi dukani Jumatatu. Kijana wa pale ana adabu, sina ugomvi naye. Alinipa kiti, akaniambia, "Mzee wangu, gitaa jipya lazima lifanyiwe setap." Ni kweli, na nikamwambia ni kweli. Gitaa likisafiri kutoka baridi kuja joto shingo huweza kujipinda kidogo, unakaza au kulegeza ule mtaimbo wa ndani kwa funguo ya pembe sita, unashusha nyuzi au kuzipandisha unavyopenda. Hiyo ni setap, ni kama kurekebisha kiti cha gari. Waya uliotoka kwa kucha si setap. Freti iliyoingia nusu si setap. Ukinunua gari ukakuta gurudumu moja limeegemezwa, muuzaji hawezi kukuambia kila dereva ana namna yake ya kukaa.

Akanisaidia kuandika barua pepe kwa kiwanda, tukaweka na picha. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Wakashukuru kwa kuchagua bidhaa zao. Wakasema urefu wa nyuzi uko ndani ya vipimo vinavyokubalika. Kuhusu ncha za freti wakasema ni jambo la kawaida linalotokana na hali ya hewa ya mahali mteja alipo.

Hapo ndipo nilipokasirika hasa, maana sasa wananifundisha hewa ya Kampala. Freti ni chuma, hazikui wala hazisinyai kwa unyevu. Kinachosinyaa ni mbao. Mbao ikikauka shingo hupungua upana kidogo na ncha za chuma hubaki nje. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata sana watu wa nchi za baridi, wanapowasha vipasha joto na hewa ya ndani ya nyumba inakauka. Karakana za magitaa hujitahidi kuweka unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55 kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nakaa upande wa Ggaba, ziwa liko hapo chini. Mwezi wa Aprili viatu vyangu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Huku mbao inavimba! Kama kuna mahali ncha za freti zingerudi ndani zenyewe, ni nyumbani kwangu. Gitaa lilitoka kwao likiwa hivyo, ama mbao haikukaushwa vya kutosha kabla ya kuwekwa freti, ama hakuna aliyepitisha tupa pembeni. Mimi naamini la pili, kwa sababu upande wa besi wamejitahidi na upande wa pili wamechoka.

Wakasema naweza kulirudisha, usafiri juu yangu. Nikaulizia gharama ya kulirusha kwa ndege kutoka Entebbe, ikakaribia milioni moja, tena likirudi jipya linaingia forodhani upya. Mteja wa London anapanda basi na gitaa lake kulirudishia duka. Mimi kurudisha ni kununua tena. Na nadhani mahali fulani kwenye hesabu zao hilo wanalijua.

Nimejiuliza sana kasoro hizi zinatokea wapi, na jibu langu ni hili. Kazi ya mbao kwenye viwanda vikubwa siku hizi inafanywa na mashine za kompyuta, na inafanywa vizuri mno; mwili wa gitaa langu hauna dosari hata ya unywele. Hata freti zina mashine yake, kuna ile ya Wajerumani wa Berlin inayoitwa Plek, inapima kila freti na kuisawazisha kwa vipimo ambavyo jicho halioni. Kinachobaki kwa mkono ni mwisho wa kazi: kupiga tupa ncha, kuchonga mifereji ya nati, kuchomelea waya, kutuni na kupiga kila noti kutoka freti ya kwanza hadi ya mwisho kwenye nyuzi zote. Nilijipima. Gitaa la freti 22, noti moja moja, nyuzi sita, ni dakika nne tu. Dakika nne zingeigundua freti ya 15. Lakini dakika ni mshahara, na mshahara wa huko ni mkubwa, na mwaka 2020 walipofungiwa ndani wenzetu wa Ulaya na Marekani walinunua magitaa kama sukari, viwanda vikazoea kasi hiyo. Sisi tulikuwa tunauza, wao walikuwa wananunua. Leo Fender aliyapeleka magitaa kwa wanamuziki wayajaribu kabla ya kuuza. Sasa mwanamuziki anajaribu baada ya kulipa.

Basi nikaenda Katwe.

Katwe mnaijua kwa mageti, masufuria na vipuri, lakini nyuma ya karakana za kuchomelea kuna Mzee mmoja, mtu wa Bukavu, anayetengeneza magitaa, vinanda vilivyokufa na redio za kaseti za watu wasiotaka kukubali kuwa mwaka umebadilika. Meza yake ni mlango wa zamani juu ya matofali. Nilimwekea kasha, akafuta mikono kwanza, akalifungua, akalitazama bila kuligusa.

"Mutoto yangu," akasema, "hii njo gitare ya milioni tisa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe uko muzima?"

Alianza na lile lililonitia aibu zaidi, uzi unaotoka nje ya shingo. Akalegeza skrubu nne za nyuma, kila moja nusu mzunguko, nyuzi zikiwa bado zimekazwa. Akaliweka gitaa pajani, akashika kichwa kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine, akavuta kwa upole kama mtu anayenyoosha shingo ya mgonjwa. Tukasikia "tk" ndogo. Akakaza. Uzi wa kwanza ukawa ndani ya ubao, na wa sita umejitenga na ukingo kwa nafasi ile ile. Sijui kama dakika mbili zilifika. Shingo ilikuwa imefungwa ikiwa imelala upande, basi.

Freti ya 15 aliipaka gundi kwa sindano, akaigonga kwa nyundo ya plastiki mara tatu, akaibana kwa kipande cha mbao na klempu, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake akaisawazisha kwa tupa ndogo na msasa, halafu akazichukua ncha za freti, moja moja, pande zote mbili. Alikuwa anafumba macho na kupitisha dole gumba, anarudia, anapitisha tena. Freti 22, ncha 44. Hiyo peke yake ilichukua muda kuliko yote, saa moja na nusu kwa kukadiria, na katikati tulikula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, mayai mawili kila mtu. Nati ya plastiki aliing'oa. Akatoa kwenye kopo la maziwa ya unga kipande cha mfupa wa ng'ombe, wa paja, aliouchemsha na kuuanika juani hadi ukawa mweupe kama chaki, akauchonga, akachimba mifereji huku akikagua kila uzi kwa lile jaribio la freti ya tatu. Waya wa ardhi aliukwangua, akauchomelea upya. Ukang'aa.

Likabaki jambo moja ambalo mimi sikuwa nimelijua. Vile vitandiko vidogo vya briji vinavyobeba nyuzi vilikuwa vimeshushwa mpaka mwisho, vimelala juu ya chuma, na bado nyuzi zilikuwa milimita mbili na nusu juu ya freti ya 12. Haziwezi kushuka tena. Maana yake pembe ya shingo haikuwa sawa. Inahitaji kuegemea nyuma kidogo. Dawa yake ni ya kale, unaweka kipande chembamba kwenye tundu la shingo, upande wa ndani, kichwa kinalala nyuma kwa nywele chache na mambo yote yanafunguka. Wengine huweka mbao nyembamba iliyochongwa. Mzee akatazama mezani, akapapasa mifukoni.

"Uko na karatasi ya nguvu?"

Nikafungua kasha, nikampa kadi ya ukaguzi.

Aliisoma, au alijifanya anaisoma, Kiingereza chake ni cha redio tu. Akaikunja kujaribu ugumu wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua mkasi. Alikata mstatili kutoka juu, wenye upana wa vidole viwili na nusu, akaupima kwenye tundu, akapunguza kona. Mistari minne ya kwanza ikaenda, pamoja na vema zake: mwili, shingo, freti, nati. Akailaza ndani, maandishi yakitazama juu, akairudisha shingo, akakaza skrubu nne.

Jumla nikamlipa 170,000, na nauli ya boda. Alikuwa ameniomba 150.

Alhamisi iliyofuata nilipanda freti ya 14 nikakaa hapo kwa makusudi, noti hiyo hiyo moja, mpaka mpiga ngoma akaanza kucheka. Linaimba. Sasa ndilo gitaa zuri kuliko yote niliyowahi kushika, na kama mngenikuta leo mkaniuliza bila kujua historia yake ningewaambia nunueni. Ila nimelipa kiwanda milioni tisa kwa mbao, sumaku na rangi, na Mzee wa Katwe laki na sabini kwa gitaa. Nyota, kama ni lazima nizitoe: mbili kwa kiwanda, na zote ni za pikapu. Moja na nusu kwa duka, nusu ni ya kile kiti. Mkilazimika kuagiza bila kushika, wekeni pembeni pesa ya fundi kabla ya kulipa. Mkiweza kushika, nendeni na kadi ya benki mfukoni, mpige noti zote, hata kijana wa duka akianza kutazama saa.

Kadi iliyobaki nimeirudisha kwenye kasha. Ina vema saba na saini. Siku nikiuza, mnunuzi atapewa.